Njia za Migongo: Historia ya Vijia vya Kale Kati ya Embu na Meru

Mito inayozaliwa kwenye theluji na misitu ya Mlima Kenya huteremka upande wa mashariki ikiwa mingi na yenye kasi, na kila mmoja umejichimbia bonde lake kabla ya kuufikia mto Tana, ambao watu wa Embu na Mbeere huuita Thagana. Msafiri atokaye mji wa Embu kwenda mji wa Meru huvuka Ena, kisha Thuci, kisha Nithi, Mutonga na Thingithu, pamoja na vijito vingi ambavyo havina hata kibao cha jina kando ya barabara. Baina ya bonde na bonde husimama mgongo, yaani mwinuko mrefu na mwembamba unaoanzia kwenye msitu wa mlima na kushuka polepole hadi kwenye nyika ya chini, na juu ya migongo hiyo ndiko watu walikojenga, walikolima, walikozikana na walikopita. Anayetaka kuielewa historia ya nchi hii hana budi kuanza na umbo hilo, kwa sababu ndilo lililoamua njia ielekee wapi miaka mingi kabla ya serikali yoyote kuamua.

Katika Kiembu, Kimbeere na Kimeru njia huitwa njira, na neno hilo halibagui kijia cha mbuzi na barabara kuu. Hata hivyo, njira za kale zilikuwa na tabia moja ambayo ramani ya leo imeificha: kwa kiasi kikubwa zilipanda na kushuka. Zilifuata uti wa mgongo kutoka nyika hadi msituni, mlimani kwa bondeni, na zile zilizokata mabonde kwenda mgongo wa jirani zilikuwa chache, za hatari, na zenye masharti. Barabara ya lami inayounganisha Embu, Chuka na Meru leo imefanya kinyume chake, kwa kuwa huuzunguka mlima kama mkanda na kukata kila bonde lililo mbele yake. Kati ya mielekeo hiyo miwili, ule wa kupanda na kushuka na ule wa kuzunguka, ndimo ilimo historia ya biashara, vita, dini na utawala wa eneo ambalo sasa limegawanywa katika kaunti tatu za Embu, Tharaka Nithi na Meru.

Sababu ya kwanza ya kupanda na kushuka ilikuwa chakula. Katika umbali ambao mtu mwenye afya huutembea kwa siku moja au mbili, nchi hubadilika kutoka nyika kavu ya Mbeere na Tharaka, penye migunga na mibuyu, hadi ukanda wa migomba, kisha msitu wa mvua nyingi na mianzi. Watu wa chini walikuwa na mbuzi, asali, uwele na mtama. Wa juu walikuwa na ndizi, nduma, miwa na viazi vikuu, ambavyo mashina yake yanayotambaa hadi leo hupandishwa kwenye mti uitwao mukungugu, mti wenye gome linalobambuka kama karatasi na unaoishi miaka mingi hata ukawa alama ya shamba la mababu. Mvua za nyika hukosekana mara nyingi zaidi kuliko za mlimani, na mazao ya kanda hizo mbili hayaivi wakati mmoja, kwa hiyo njaa ya upande mmoja iliweza kutibiwa na ghala la upande wa pili, mradi njia iwe wazi. Chuma nacho kilipitia humo humo, kwa kuwa wahunzi wa Mbeere waliyeyusha mchanga mweusi wenye madini ya chuma uliokusanywa kwenye vijito, na majembe, visu na mikuki yao ikawafikia wakulima wa juu kwa kubadilishana.

Waliobeba sehemu kubwa ya bidhaa hizo walikuwa wanawake. Mzigo ulikaa mgongoni, ukiwa ndani ya kiondo au umefungwa kwa kamba, na ulishikiliwa na mukwa, yaani ukanda wa ngozi uliopita juu ya paji la uso, ili shingo na mgongo vigawane uzito na mikono ibaki huru kushika mti au kumshika mtoto pale kijia kilipoteleza. Aliyebeba namna hiyo alitembea ameinama, macho yakiwa chini hatua mbili tatu mbele ya miguu yake, na ndiyo sababu vijia vya zamani vilikuwa vyembamba kiasi cha kutosha mtu mmoja tu, vikapinda kukwepa kila jiwe na kila mzizi ambao jicho lililoinamishwa lingeuona kwanza. Wapo mabibi wa vijijini Embu na Meru ambao mukwa umewaachia mfereji mdogo kwenye paji la uso, na mfereji huo ni kumbukumbu ya njia kama ulivyo ule uliochimbwa na nyayo katika udongo mwekundu.

Thamani ya njia hizo ilijulikana kwa uchungu katika njaa kubwa iliyoikumba Kenya ya kati kuanzia mwaka 1897 hadi 1901, njaa ambayo Wakamba wa Kitui waliiita Ngomanisye. Mvua zilikosekana mfululizo, ng'ombe walikuwa wamekwisha kufa kwa sotoka, na ndui ikaandamana na njaa. Watu wa nyika, Wambeere na Wakamba kwa maelfu, walizipanda njia zile zile walizokuwa wakizitumia kwa biashara, safari hii bila mbuzi wala asali ya kubadilisha, wakitafuta hifadhi kwa jamaa, kwa marafiki wa biashara na hata kwa wageni wa Embu na kandokando yake. Wengine waliwaacha watoto au mabinti katika nyumba za juu kama dhamana ya chakula, na baadhi ya waliopanda hawakuteremka tena. Mwanahistoria Charles Ambler, katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu jamii za Kenya ya kati, ameonyesha jinsi mitandao ya biashara ndogo ndogo ilivyogeuka kuwa mitandao ya kuokoa maisha. Na yafaa kuongeza kwamba mtandao huo ulikuwa na mahali pake ardhini, nao ulikuwa vijia vya migongo.

Kwenda mgongo wa jirani kulikuwa jambo jingine kabisa. Kwa Wameru, vijana wapiganaji waliishi katika gaaru, nyumba kubwa ya pamoja ambayo ilikuwa kambi na shule kwa wakati mmoja, na kazi yao mojawapo ilikuwa kuzilinda njia za kuingilia mgongo wao. Bonde la mto lilikuwa mpaka, na kivuko kilikuwa lango. Wachuka, ambao nchi yao iko kati ya Embu na Mwimbi, walikwenda mbali zaidi katika ulinzi huo, kwa kuacha ukanda wa msitu usiofyekwa ukiyazunguka mashamba yao na kupitisha humo vijia vichache tu, vyembamba na vya giza, ambavyo viliweza kuzibwa kwa magogo na kulindwa na watu wachache. Ofisa Mwingereza Granville Orde Browne, aliyetumikia Embu na Chuka kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, alieleza ulinzi huo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1925 na kukipa jina lililodai kwamba makabila hayo yalikuwa yakitoweka. Hayakutoweka, kilichotoweka ni msitu ule wa ulinzi, na pamoja nao kijia ambacho mgeni alikipita akijua kuwa anatazamwa.

Kama silaha peke yake ndiyo ingekuwa sheria ya njia, biashara na ndoa za mbali zisingewezekana. Wameru walikuwa na desturi iitwayo gichiaro, neno linalotokana na kitenzi cha kuzaa, ambayo ilifunga undugu wa kiapo kati ya ukoo na ukoo au kati ya sehemu moja ya Meru na nyingine. Waliofungamana kwa gichiaro walihesabiwa kuwa wamezaliwa tumbo moja: hawakuoana, hawakumwagiana damu, na mmoja hakuweza kumnyima mwenzake alichoomba, kwa kuwa kukataa kuliaminika kuleta maafa kwa aliyekataa. Msafiri aliyejua ukoo wake una gichiaro wapi alikuwa, kwa maana halisi, na ramani kichwani. Alijua ni mgongo upi atalala na kulishwa bila kuulizwa maswali, ni upi avuke mchana akiwa na mwenyeji wa kumsindikiza, na ni upi auzunguke. Watafiti wengi wameieleza gichiaro kama taasisi ya undugu na amani, na hawakukosea, lakini ni haki pia kuihesabu kuwa taasisi ya usafiri, kwa sababu ndiyo iliyofanya kijia kinachokata bonde kipitike. Juu ya mapatano hayo lilisimama baraza la wazee la Njuri Ncheke, ambalo wajumbe wake walitoka sehemu mbalimbali za Meru na ambalo uamuzi wake ulihitaji kutembezwa kwa miguu kutoka mgongo hadi mgongo ili uwe sheria.

Masimulizi ya asili nayo yamepangwa kama safari. Wameru husimulia kwamba mababu zao walitoka mahali paitwapo Mbwaa, kisiwa au nchi iliyozungukwa na maji, ambapo walitawaliwa na watu waitwao Nguo Ntuni, yaani nguo nyekundu. Watawala hao waliwapa majaribio yasiyowezekana, likiwamo la kutengeneza kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili, hata ikabidi watoroke usiku wakiongozwa na Koomenjwe, ambaye aliyagawa maji kwa fimbo yake. Waliovuka gizani wakawa koo nyeusi, waliovuka alfajiri wakawa nyekundu, na waliovuka mchana wakawa nyeupe. Jeffrey Fadiman, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Meru na kuyachapisha katika vitabu kadhaa, kimojawapo cha mwaka 1993, aliihusisha Mbwaa na kisiwa cha Manda karibu na Lamu, na kuifuatilia safari hiyo kuelekea bara hadi miteremko ya mlima. Waembu kwa upande wao husimulia kwamba mtu wa kwanza, Mwenendega, alikaa papo hapo katika nchi yao, na kichaka chake kitakatifu kipo karibu na Runyenjes. Hivyo majirani wawili wana mianzo miwili tofauti, mmoja wa watu waliotembea na mwingine wa watu waliokuwapo, ingawa wote walielekeza maombi yao kwenye mlima mmoja, ambao Waembu huuita Kirinyaga na Wameru Kirimaara.

Habari za mlima huo ziliufikia ulimwengu wa nje kwa njia ya miguu kabla ya kufika kwa macho. Mwaka 1849 mmisionari Johann Ludwig Krapf alikuwa Kitui nyumbani kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba aliyepeleka misafara ya pembe za ndovu pwani, na hapo alikutana na mtu wa Uembu aliyemweleza juu ya mlima wenye kitu cheupe juu yake. Tarehe 3 Desemba mwaka huo mawingu yalipofunguka, Krapf aliuona kwa mbali na vilele vyake viwili kama pembe. Wataalamu wa Ulaya walibishana kwa miaka mingi kuhusu theluji katika mstari wa ikweta, ilhali mtu yule wa Uembu alikuwa ameshaileta habari hiyo hadi Kitui, akiwa ameshuka mgongo, akavuka Thagana na kuupita uwanda kama walivyofanya wafanyabiashara wenzake. Hata jina la Kenya limetokana na matamshi ya Kikamba, Kiinyaa, jambo linalokumbusha kwamba nchi imeitwa kwa lugha ya watu waliokuwa na njia ya kwenda huko.

Misafara ya watu wa pwani nayo ilifika, ikifuata pembe za ndovu. Ilileta ushanga, nyaya za shaba na nguo za amerikani, ikalipa hongo, yaani ushuru wa kupita, na ilipoteza watu ilipokataa kulipa au ilipodharau mapatano ya wenyeji. Mwaka 1892 Mmarekani William Astor Chanler na mwenzake Ludwig von Höhnel, ofisa wa jeshi la majini la Austria, waliondoka Lamu, wakaupanda mto Tana na kufika milima ya Nyambene, nchi ya Waigembe na Watigania. Huko walifunga undugu wa damu na baadhi ya wenyeji na kupigana na wengine, hadi von Höhnel alipojeruhiwa na kifaru na wapagazi walipomwacha Chanler kwa wingi mwishoni mwa mwaka 1893. Msafara uliokusudia kufika mbali zaidi kaskazini uliishia hapo, kwa uamuzi wa watu waliobeba mizigo yake.

Uvamizi wa Waingereza ndio uliozigeuza njia. Jeshi lao liliishambulia Embu katikati ya mwaka 1906, nyumba zikachomwa na mifugo kuchukuliwa, na boma la serikali likajengwa mwaka huo huo mahali ulipo mji wa Embu. Mwaka 1908 Edward Butler Horne alianzisha kituo cha Meru, na wenyeji wakampa jina la Kangangi, yaani mtembezi asiyekaa mahali pamoja. Jina hilo lina ukweli mkubwa wa kihistoria ndani yake. Wameru walikuwa wamewajua watu waliopita kwa sababu ya biashara, undugu au vita; Horne alipita kila mgongo, bila gichiaro na bila kuomba kivuko, akihesabu nyumba, akiamua kesi na kuteua machifu, na kwa kutembea kwake alitangaza kwamba mabonde hayakuwa mipaka tena. Utawala huo ulihitaji njia ya kwenda kando, kutoka boma hadi boma, na kazi ya kuifyeka, kuijengea madaraja na kuitengeneza kila baada ya masika iliangukia wenyeji wenyewe chini ya machifu, bila hiari na mara nyingi bila malipo.

Ilichukua miongo mingi kwa barabara hiyo ya kando kuyashinda mabonde. Kwa muda mrefu gari la kutoka Nairobi kwenda Meru lilipita Nanyuki, upande wa pili wa mlima, na lami ya Embu hadi Meru ilikamilika katika miaka ya 1980 tu. Kijia cha kale kiliushuka mto Nithi kwa kwenda mshazari, kikipumzika kwenye kila kituta, kwa sababu mguu wenye mzigo hauwezi kushuka wima. Barabara huingia bonde hilo hilo kwa mteremko mrefu wenye kona, na daraja la Nithi limekuwa mahali pa ajali nyingi. Julai 2022 basi lilitumbukia hapo na zaidi ya watu 30 walifariki. Jiografia ile ile iliyowafanya wazee wa zamani wakiheshimu kivuko haijabadilika.

Si kila njia mpya ilikwenda kando. Oktoba 1922 daktari Archibald Irvine wa Kanisa la Scotland alianza kazi Chogoria, katika nchi ya Wamwimbi, na hospitali iliyokua hapo ikavivuta vijia vya migongo ya jirani kuelekea kwake. Ernest Carr, mfanyabiashara wa Nairobi aliyeifadhili misheni hiyo, aligharimia pia katika miaka ya 1920 njia ya gari kupitia msituni pamoja na vibanda viwili vya wapanda mlima, kimoja Urumandi na kingine juu zaidi. Januari 1929 Eric Shipton na Percy Wyn Harris walianzia Chogoria na wapagazi wa hapo, wakafika kilele cha Batian, chenye urefu wa mita 5,199, ambacho hakikuwa kimekanyagwa tangu Halford Mackinder alipokipanda mwaka 1899.

Njia ya Chogoria ndiyo inayotembewa zaidi na wageni wa upande huu wa mlima hadi leo, na inastahili kutazamwa kwa karibu. Huanzia kwenye mashamba ya chai na migomba, ikaingia msitu wa miti mikubwa, kisha mianzi inayogongana upepo ukivuma, kisha miti iliyofunikwa kuvu-mwani zinazoning'inia kama ndevu, na hatimaye uwanda wa nyasi za mafungu ambapo baridi ya usiku hugandisha maji yaliyosimama. Hapo mto Nithi ni kijito ambacho mtoto angeweza kukiruka. Mbele yake bonde hufunguka ghafla na ziwa la Michaelson huonekana chini ya kuta za mawe, mwendo wa saa kadhaa kabla ya kilele cha Lenana chenye mita 4,985. Ramani ya njia hiyo imejaa majina ya wageni, ziwa la Ellis, vidimbwi vya Hall, maporomoko ya Vivienne, ilhali wenyeji waliobeba mizigo, waliowasha moto na waliojua kivuko kiko wapi hutajwa mara nyingi kwa idadi tu katika vitabu vya safari. Hilo ni pengo la haki katika kumbukumbu ya njia, na vizazi vya wapagazi wa Chogoria vinastahili kuandikwa kwa majina yao.

Wenyeji walikuwa na sababu zao za kupanda msituni tangu zamani, mizinga ya nyuki, dawa, uwindaji na ibada, na elimu hiyo ndiyo waliyoitegemea wapiganaji wa Mau Mau baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952. Serikali ilijibu kwa kuikata njia iendayo juu. Mwaka 1953 msitu wa mlima ulitangazwa kuwa eneo lililokatazwa, na ukingoni mwake ukachimbwa mtaro mrefu na wa kina wenye miti iliyochongwa ncha, kwa kazi ya lazima ya wanavijiji, wengi wao wanawake. Kuanzia mwaka 1954 watu wa Embu na Meru walihamishwa kutoka kwenye nyumba zao zilizotawanyika juu ya migongo wakatiwa katika vijiji vilivyozungushiwa ua na kulindwa. Wanawake wale wale ambao mama zao walipanda na kushuka na mukwa sasa walichimba, kwa majembe, ufa kati ya shamba na msitu. Hata hivyo vijia havikufungika vyote, kwani Musa Mwariama, kiongozi wa wapiganaji wa Meru, alibaki msituni hadi uhuru ulipopatikana Desemba 1963.

Mabadiliko ya kudumu zaidi yaliletwa kimyakimya na kamba ya mpima ardhi. Chini ya mpango wa kilimo wa mwaka 1954 na kazi ya miaka iliyofuata, ardhi ya ukoo ilipimwa na kupewa hati za mtu mmoja mmoja, na mara nyingi mashamba yalichorwa kama vipande virefu kutoka barabara ya juu ya mgongo hadi mtoni. Njira ya juu ya mgongo ilisalia ikiwa barabara ya murramu, na vijia vya kando, vile vya gichiaro na masoko madogo, vikajikuta ndani ya shamba la mtu, vikalimwa kahawa au kuzungushiwa seng'enge.

Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inaweza kulinda jengo, kichaka au kilima, na eneo hili lina vitu vya namna hiyo vya kutosha. Ofisi ya mkuu wa wilaya iliyojengwa kwa mawe mjini Meru mwaka 1916 imekuwa makumbusho tangu 1974. Huko Nchiru, Tigania, ipo nyumba ya Njuri Ncheke, baraza ambalo H. E. Lambert, mkuu wa wilaya aliyelitazama kwa makini kuliko wenzake, aliliandikia kitabu mwaka 1947. Lipo pia ziwa takatifu la Nkunga ndani ya msitu wa Imenti, kichaka cha Mwenendega, na mlima wenyewe, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997. Vyote hivyo ni nukta. Mstari unaoziunganisha nukta hizo hauna hati wala kibao, ilhali bila mstari huo haieleweki kwa nini baraza lilikutana Nchiru au kwa nini kichaka kilihifadhiwa pale na si kwingine. Anayezitembelea kwa gari hupelekwa na barabara ya kando kutoka kituo hadi kituo, akaiona nchi kwa mpangilio wa mkoloni. Anayepanda kwa miguu kutoka Tharaka hadi msitu wa Imenti, akiona uwele ukigeuka migomba na migomba ikigeuka chai, huisoma kama walivyoisoma waliobeba asali.

Upande wa chini, njia hizo zilifika Thagana na kuuvuka kuelekea Ukambani. Kati ya Masinga na Kiambere sasa kuna mabwawa matano ya umeme, Kindaruma la mwaka 1968, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988, na maji yake yamefunika sehemu kubwa ya kingo ambazo wafanyabiashara wa Mbeere na Kitui walizikanyaga kwa karne nyingi. Barabara ya Embu kwenda Kangonde huuvuka mto katika eneo hilo hilo. Vijia vingine vya Mbeere bado huteremka kati ya migunga hadi ukingoni mwa bwawa, na asubuhi mbuzi huvifuata kwenda kunywa, mpaka pale kijia kinapoingia ndani ya maji.